Vifaa vya Usukani wa Pikipiki: Vinavyobadilishana, Vinavyohitaji Vipimo na Visivyopaswa Kuguswa

Pikipiki mbili zikisimama bega kwa bega katika kijiwe cha bodaboda huweza kufanana kwa tangi, taa, kiti na hata sauti ya injini. Kufanana huko ndiko kunakowafanya wamiliki wengi kuamini kwamba usukani, shokamzoba au mkono wa breki wa moja utaingia katika nyingine bila tatizo. Wakati mwingine imani hiyo ni sahihi na humwokolea mmiliki fedha. Wakati mwingine kifaa huingia, bolti hukaza, pikipiki huondoka gereji, na kasoro hujitokeza siku dereva anapofunga breki ghafla akiwa na abiria mgongoni.

Makala hii inaeleza ni vifaa vipi vya usukani vinavyoweza kubadilishwa kati ya pikipiki zinazofanana, vipimo vya kuzingatia kabla ya kununua, ukaguzi unaopaswa kufanyika baada ya kufunga, na wajibu wa mmiliki kwa mujibu wa sheria za nchi.

Kwa nini pikipiki nyingi zinafanana

Kufanana kwa pikipiki ndogo zinazotumika Afrika Mashariki kuna historia yake. Mwaka 1976 kampuni ya Honda ya Japani ilianza kuuza pikipiki aina ya CG125, iliyobuniwa kwa ajili ya nchi ambazo barabara ni mbovu na matengenezo ya mara kwa mara ni magumu. Muundo wake ulikuwa rahisi na imara, na baadaye viwanda vingi vya China viliuiga katika injini, fremu na vifaa vya mbele. Ndiyo maana pikipiki zenye majina tofauti kabisa huweza kuwa na vifaa vinavyokaribiana kwa umbo.

Hata hivyo, kukaribiana si kulingana. Kila kiwanda hufanya mabadiliko yake katika unene wa bomba, urefu wa shokamzoba au aina ya breki. Hali hiyo hujitokeza hata ndani ya kampuni moja. Boxer BM 100 na BM 150 za Bajaj, au HLX za TVS zenye injini za ukubwa mbalimbali, hubeba jina moja la ukoo lakini hazipaswi kuchukuliwa kuwa na vifaa vilevile. Jina lililoandikwa kwenye tangi halitoshi kuwa kipimo. Kipimo cha kweli ni namba ya kifaa iliyo katika orodha ya vipuri ya mtengenezaji, na pale namba hiyo isipopatikana, ni kifaa chenyewe kupimwa kwa kalipa.

Kundi la kwanza: Vifaa vinavyobadilishana kwa urahisi

Bomba la usukani ndilo kifaa kinachobadilishwa mara nyingi zaidi, ama kwa sababu limepinda baada ya kuanguka, ama kwa sababu dereva anataka usukani ulio juu au mpana zaidi. Pikipiki nyingi ndogo hutumia bomba lenye kipenyo cha takriban milimita 22. Baadhi ya pikipiki kubwa hutumia bomba la milimita 25.4, na nyingine bomba lililonenepa katikati hadi milimita 28.6. Bomba la milimita 22 linaweza kuhamia pikipiki nyingine yenye vishikio vya kipimo hicho, mradi upana, kimo na mkunjo wake havitofautiani sana na la awali.

Kosa linaloonekana mitaani ni kuweka bomba jembamba katika kishikio kikubwa, kisha kuziba pengo kwa kipande cha bati au kopo. Bati hilo hulegea kwa mtetemo, na bomba likizunguka wakati wa kufunga breki, dereva hupoteza udhibiti wa chombo. Bomba na kishikio lazima viwe vya kipimo kimoja.

Bomba lililopinda halinyooshwi. Chuma kilichopinda na kunyooshwa hubaki na udhaifu usioonekana kwa macho, na bomba la aluminiamu huweza kukatika ghafla bila dalili. Vilevile, bomba la usukani halichomelewi. Bei ya bomba jipya ni ndogo kuliko gharama ya siku moja hospitalini.

Vioo vya pembeni na mipira ya kushikia pia viko katika kundi hili, kwa tahadhari mbili. Mosi, unene wa bolti ya kioo hutofautiana: nyingine ni milimita 8, nyingine milimita 10. Pili, pikipiki nyingi za Yamaha hutumia hesi za kinyume kwenye kioo cha kulia. Fundi asiyelijua hilo hukaza kwa nguvu upande usio sahihi na kuharibu kishikio chote cha mkono wa breki.

Kundi la pili: Vifaa vinavyohitaji vipimo

Mikono ya klachi na breki, waya, swichi na masta silinda huonekana kuwa vifaa vidogo, lakini ndivyo vinavyounganisha mikono ya dereva na mwendo wa pikipiki.

Waya wa klachi, wa breki na wa mafuta una urefu wa aina mbili: urefu wa ganda la nje na urefu wa waya wa ndani unaobaki wazi. Vyote viwili lazima vilingane na vya awali. Usukani ulioinuliwa juu hudai waya mrefu zaidi. Waya wa zamani ukiachwa uvutike, dereva anapokata kona waya wa mafuta unaweza kujivuta wenyewe na kuongeza mwendo wa injini bila yeye kuzungusha mkono. Kinyume chake, waya mrefu kupita kiasi hujikunja na kunaswa kati ya shingo ya fremu na shokamzoba.

Mkono wa mafuta nao hutofautiana kwa kiasi cha waya unachovuta kwa kila mzunguko. Mkono uliotolewa katika pikipiki nyingine unaweza kushindwa kufungua kabureta kikamilifu, au ukaifungua haraka kiasi cha kumshtua dereva asiyeuzoea.

Masta silinda ya breki ya diski ndiyo yenye madhara makubwa zaidi ikikosewa. Kipenyo cha pistoni yake hupangwa kulingana na pistoni zilizo kwenye gurudumu. Masta silinda kubwa kuliko inavyotakiwa hufanya mkono wa breki uwe mgumu na nguvu ya kusimamisha ipungue. Ndogo kuliko inavyotakiwa hufanya mkono uzame hadi karibu na usukani kabla breki haijashika. Kipenyo hicho mara nyingi huandikwa kwenye mwili wa kifaa chenyewe. Aidha, mafuta ya breki yawe ya daraja lililoandikwa kwenye kifuniko. DOT 3 na DOT 4 ni za jamii moja, ilhali DOT 5 ya silikoni haipaswi kuchanganywa nazo.

Swichi za usukani zinahitaji uangalifu wa fundi wa umeme. Plagi zinaweza kuingiana huku rangi za nyaya zikiwa na kazi tofauti. Mfano ulio wazi ni swichi ya kuzima injini. Katika baadhi ya pikipiki zenye CDI isiyotegemea betri, swichi huzima injini kwa kuunganisha waya na fremu. Katika nyingine zinazotegemea betri, swichi huzima kwa kukata umeme. Zikibadilishana, injini inaweza isiwake kabisa, au ikawaka na kukataa kuzimika dereva anapoihitaji izimike.

Swichi nyingi pia zina kijipini kinachoingia katika tundu dogo la bomba la usukani ili zisizunguke. Kijipini hicho hakipaswi kukatwa ili swichi ikae. Iwapo ni lazima kutoboa tundu jipya, lipimwe vizuri, liwe la ukubwa unaohitajika tu, na liwe mbali na sehemu ya katikati inayobanwa na vishikio, kwani hapo ndipo bomba hubeba mzigo mkubwa.

Kundi la tatu: Shokamzoba, mhimili na gololi za shingo

Kundi hili ndilo linaloamua iwapo pikipiki itakwenda moja kwa moja au itayumba. Linahusisha shokamzoba za mbele, vishikio vyake vya juu na vya chini, mhimili unaopita ndani ya shingo ya fremu, pamoja na vikombe na gololi zinazouwezesha mhimili huo kuzunguka.

Ili kuelewa hatari iliyopo, chukua mstari wa kufikirika unaofuata mhimili wa usukani hadi kugusa ardhi. Mstari huo hugusa ardhi mbele ya mahali tairi linapokanyaga. Umbali kati ya sehemu hizo mbili ndio unaolifanya gurudumu lijirudishe lenyewe katika mwelekeo ulionyooka, kama gurudumu la toroli linavyofuata nyuma ya mhimili wake. Umbali huo ukipungua, usukani huwa mwepesi na wenye wasiwasi. Ukizidi, usukani huwa mzito katika kona.

Hesabu ifuatayo inaonyesha jinsi mabadiliko madogo yanavyokuwa na athari. Pikipiki yenye gurudumu la mbele la nusu kipenyo cha milimita 300, shingo iliyolala kwa nyuzi 26, na shokamzoba zilizosogezwa milimita 40 mbele ya mhimili, huwa na umbali wa takriban milimita 102. Vikifungwa vishikio vya pikipiki nyingine vinavyosogeza shokamzoba hadi milimita 50, umbali huo hushuka hadi takriban milimita 91. Zaidi ya sehemu moja ya kumi ya uwezo wa gurudumu kujinyoosha imepotea kwa tofauti ya milimita 10 ambayo jicho haliioni. Vivyo hivyo, gurudumu la inchi 18 likibadilishwa kwa la inchi 17 katika pikipiki hiyohiyo, bila kubadili kitu kingine, umbali hushuka hadi takriban milimita 96.

Shokamzoba fupi, au zilizopandishwa juu ndani ya vishikio, hushusha sehemu ya mbele na kuleta matokeo ya aina hiyohiyo. Huongeza pia uwezekano wa tairi kugusa madigadi pikipiki inapoingia shimoni ikiwa na mzigo. Taa kubwa nayo huelekea chini, na dereva wa usiku huona sehemu fupi ya barabara. Zikiwa ndefu kuliko za awali, taa huwaangazia macho wanaokuja mbele.

Kwa sababu hizo, kanuni ya kundi hili ni moja: vifaa vihamishwe vikiwa seti kamili kutoka pikipiki ya aina, ukubwa na toleo lilelile, au visihamishwe. Kuchanganya kishikio cha juu cha pikipiki moja na cha chini cha nyingine hufanya shokamzoba zikae kwa kupishana, zibane na zivuje mafuta. Shokamzoba moja mpya na moja ya zamani iliyopinda haziwezi kufanya kazi kwa usawa.

Fundi anayepima seti ya namna hiyo anapaswa kulinganisha mambo saba: urefu wa mhimili, unene wa mhimili katika ncha zote mbili, aina ya hesi, kipimo cha vikombe na gololi, unene wa shokamzoba, umbali kutoka shokamzoba moja hadi nyingine, na unene wa ekseli ya gurudumu. Aangalie pia vizuizi vinavyozuia usukani kugeuka kupita kiasi. Visipokutana na vya fremu, shokamzoba itagonga tangi. Loki ya usukani nayo ijaribiwe, kwani pini isiyokutana na tundu lake humwachia mwizi pikipiki isiyofungika.

Baadhi ya pikipiki huchukua mzunguko wa spidi mita kutoka gurudumu la mbele. Gurudumu au kifaa hicho kikibadilishwa kwa cha ukubwa mwingine, spidi mita husoma mwendo usio sahihi, na dereva anayeamini yuko ndani ya kikomo anaweza kuwa amekivuka.

Sehemu isiyoguswa: Shingo ya fremu

Shingo ya fremu haikatwi, haichomelewi wala haipanuliwi ili ipokee mhimili wa pikipiki nyingine. Kuna sababu mbili. Ya kwanza ni ya kiufundi: shingo hupokea mshtuko wote wa barabara na nguvu yote ya breki ya mbele, na ufa mdogo katika sehemu iliyochomelewa huweza kutenganisha gurudumu na pikipiki. Ya pili ni ya kisheria: katika pikipiki nyingi, namba ya chesisi imegongwa katika shingo hiyo. Namba iliyosagwa, kufunikwa kwa kulehemu au kuharibiwa huifanya pikipiki isitambulike, na humweka mmiliki halali katika mashaka sawa na mwenye chombo cha wizi.

Ukaguzi baada ya kufunga

Pikipiki iliyobadilishwa kifaa chochote cha usukani isikabidhiwe kwa mteja kabla ya hatua zifuatazo kukamilika:

1. Gurudumu la mbele liinuliwe juu ya ardhi. Usukani uguswe kidogo. Unapaswa kuangukia kushoto na kulia kwa uzito wake wenyewe, bila kukwama katikati.

2. Shokamzoba zishikwe kwa chini na kusukumwa mbele na nyuma. Mtikisiko wowote shingoni unaonyesha kwamba gololi zimelegea.

3. Injini iwashwe ikiwa katika gia huru, kisha usukani ugeuzwe hadi mwisho wa kila upande. Mlio wa injini ukipanda, waya wa mafuta ni mfupi au umepita njia isiyo sahihi.

4. Mkono wa mafuta uachiwe katika kila mkao wa usukani. Lazima urudi wenyewe mara moja.

5. Mkono wa klachi uwe na mwendo huru wa milimita 10 hadi 20 kwenye ncha yake, au kiasi kilichotajwa katika kitabu cha pikipiki husika.

6. Breki ya diski ibanwe kwa nguvu na kushikiliwa. Mkono ukizama polepole, kuna hewa au uvujaji.

7. Bolti za vishikio zikazwe kwa spana yenye kipimo, kwa utaratibu wa mtengenezaji. Katika vishikio vyenye alama ya kitone upande wa mbele, bolti za mbele hukazwa kwanza, kisha za nyuma.

8. Taa, honi, indiketa na swichi ya kuzima injini zijaribiwe usukani ukiwa umegeuzwa pande zote mbili.

9. Pikipiki ijaribiwe kwa mwendo mdogo, bila abiria, katika eneo lisilo na msongamano, kisha bolti zote zikaguliwe upya.

Wajibu wa mmiliki, fundi na muuzaji

Nchini Tanzania, Sheria ya Usalama Barabarani, Sura ya 168, inakataza chombo kibovu kutumika barabarani, na usukani na breki ni miongoni mwa mambo ya kwanza yanayoangaliwa na askari wa usalama barabarani. Dereva hawezi kujitetea kwamba kifaa kilifungwa na fundi. Wajibu wa chombo kilichopo barabarani ni wa dereva na mmiliki.

Bima ya lazima dhidi ya madhara kwa watu wengine inatakiwa na Sheria ya Bima ya Vyombo vya Moto, Sura ya 169. Mmiliki anayefanya mabadiliko makubwa katika chombo chake anashauriwa kusoma mkataba wake na kuitaarifu kampuni ya bima mapema, badala ya kusubiri ajali iibue swali hilo.

Vifaa vilivyotumika vinapaswa kununuliwa kwa muuzaji anayejulikana na anayetoa risiti ya EFD. Kupokea mali ya wizi ni kosa chini ya Sheria ya Kanuni za Adhabu, Sura ya 16, na shokamzoba iliyonunuliwa kwa bei ya kutupa bila risiti inaweza kuwa imetoka katika pikipiki iliyoibwa. Risiti humlinda pia mnunuzi anapotaka kurudisha kifaa kisicholingana.

Kwa vifaa vipya, Shirika la Viwango Tanzania (TBS) lina jukumu la kusimamia ubora wa bidhaa, na Tume ya Ushindani (FCC) inashughulikia bidhaa bandia. Mwananchi anayebaini kwamba ameuziwa kifaa bandia, chenye nembo ya kughushi au kilichovunjika mapema kuliko kawaida, akihifadhi pamoja na kifungashio na risiti, kisha awasilishe taarifa katika ofisi za taasisi hizo zilizo karibu naye.

Vijana wanaojifunza ufundi wa pikipiki wanahimizwa kutumia fursa za mafunzo zinazotolewa na Mamlaka ya Elimu na Mafunzo ya Ufundi Stadi (VETA), ili uzoefu wa gereji uende sambamba na utaalamu wa kupima na kusoma vitabu vya watengenezaji.

Pikipiki ni mtaji wa familia nyingi, na kila siku isipofanya kazi ni siku isiyo na kipato. Ni haki ya mmiliki kutafuta kifaa cha bei nafuu, na si kila kifaa cha pikipiki nyingine ni hatari. Kinachotakiwa ni kifaa hicho kupimwa kabla ya kulipiwa, kufungwa na mwenye ujuzi, na kukaguliwa kabla abiria hajapanda.